Shokapu ya Njia ya Mawe

Bugarama, 11 Februari 2024

Mjomba Ndayisenga,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, mjomba. Nakuandikia kwa sababu simu na masikio yako havielewani. Mara ya mwisho tulipigiana kelele mpaka majirani wakadhani tunagombana.

Sisi huku hatujambo. Maharage tumevuna, si mabaya. Joan ameingia darasa la nne na ameanza kunisahihisha Kiswahili changu. Baba yake, Derick, bado yuko Kahama kwenye ujenzi, anapiga simu kila Jumapili. Mama naye, dada yako, ni mzima, ila magoti tu.

Baba mkwe ndiye hajapata nafuu. Kile kidonda cha mguuni kimekataa kufunga kwa sababu ya sukari. Daktari wa zahanati amesema kisafishwe kila Jumanne na kila Ijumaa bila kukosa, na kisitoneshwe hata kidogo. Kisipofunga kufikia mwisho wa Agosti, mguu utakatwa. Aliyasema mbele ya mzee mwenyewe. Mzee akajibu "nimesikia", akavaa kofia yake. Bodaboda hapandi tena, tangu ile ya Desemba iliyomwangusha kidonda kikafumuka. Basi, anapelekwa hivyo hivyo.

Sasa shida yangu. Unaikumbuka ile baiskeli ya milimani aliyoniachia sista aliporudi kwao, ya bluu, yenye shokapu katikati ya fremu? Shokapu imekufa. Ukikaa inashuka moja kwa moja na haipandi, na inatema oili. Nimeifungua, nimeitia kwenye kiroba, nimempa Malongo, kondakta wa basi la Biharamulo, akuletee. Naomba unichagulie nyingine na unieleze jinsi ya kuirekebisha. Napita njia ya nyuma ya kilima, ile ya mawe. Uzito wangu ni kilo hamsini na nane, nilipimwa kliniki.

Usichelewe, mjomba. Naihitaji kweli.

Mpwa wako,
Clarisse


Nyakahura, 20 Februari 2024

Clarisse mpwa wangu,

Milele amina, na marahaba. Masikio yangu ni mazima, ni simu zenu ndizo zinazong'ong'ona. Mke wangu Felisita anakusalimu na anasema umekonda kwenye ile picha. Mimi nimemwambia kilo hamsini na nane si kukonda, ni uzito wa mfuko wa saruji uliovaa kitenge. Msalimie dada yangu. Mwambie magoti apake mafuta, asipake maneno.

Nimeifungua hiyo maiti uliyonitumia. Weee! Nilivua kofia. Mtu alikaa chini akafikiri kwamba upepo ubebe uzito, oili izuie mshtuko, na vyote viishi ndani ya kichupa kinachoingia kiganjani. Mtu huyo simjui lakini nampa heshima yake. Bahati mbaya sili, zile ringi za mpira za kuzuia oili, zimekatika na fimbo ya ndani imekwaruzika vibaya. Hairudi hiyo.

Hapa gulioni watu wanakuja kununua shokapu kwa kuangalia rangi. Nawafukuza! Shokapu huchaguliwa kwa kipimo. Yako ni sentimita kumi na tisa kutoka tundu hadi tundu, na inazama sentimita tano. Ukiweka ndefu kuliko hiyo, baiskeli inainua matako kama mbuzi anayekojoa. Ukiweka fupi, pedali zinagonga mawe. Na bolti ziingie kwenye matundu bila kucheza, zikicheza zitakula fremu.

Nimekuta moja ya upepo kwenye maboksi yangu ya mtumba, kipimo hicho hicho. Nakutumia pamoja na pampu yake. Usije ukatumia pampu ya tairi, utajaza mpaka kesho kutwa. Jaza mpaka geji isome 120. Kwenye fimbo utaona kipira chembamba. Kisukume juu mpaka kiguse sili, kisha panda taratibu, kaa kama unavyokaa siku zote, shuka bila kurukaruka. Pima kipira kimesogea wapi. Kikisogea sentimita moja na robo mpaka moja na nusu, umepata. Kikizidi, ongeza upepo.

Halafu kuna kifundo chekundu, upande mmoja wamechora sungura, mwingine kobe. Hicho ni mwendo wa kurudi. Ukikipeleka kwa sungura, itakurusha. Kwako kiache katikati.

Swali moja. Barabara ya zahanati imechongwa mwaka jana, ni laini kabisa. Kwa nini unapita kwenye mawe?

Mjomba wako,
Ndayisenga


Bugarama, 8 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, mvua zimeanza vizuri. Joan ana mafua. Mwambie mkeo picha ile ni ya zamani.

Shokapu imefika, nimeifunga mwenyewe kwa spana ya jirani. Ni nzuri mno, mjomba. Nilipokaa peke yangu nikapima, kipira kilisogea sentimita moja na milimita nne. Nilifurahi mpaka nikaita watu waje waone, hakuna aliyeelewa nafurahia nini.

Lakini njiani inagonga. Kila jiwe kubwa nasikia "ko!" chini yangu, na nikifika kipira kimetoka hadi mwisho wa fimbo. Nimeongeza upepo 160, nikaongeza 200, bado inagonga. Nimefika 250 nikaogopa. Sasa nikiwa peke yangu ni ngumu kama kukalia tofali.

Habari ya zahanati si mbaya, si nzuri. Kidonda kilianza kupungua pembeni, nyama nyekundu safi ikaonekana. Ijumaa iliyopita kikatoneshwa njiani, bandeji ikaloa damu. Nesi Priscila alinifokea mimi. Mjomba, imebaki miezi mitano na kitu. Nifanye nini na hii shokapu?

Uzito ni ule ule, pamoja na mfuko mdogo wa dawa.

Clarisse


Nyakahura, 17 Machi 2024

Wewe Clarisse,

Marahaba. Salamu zote zimefika, sasa tuache salamu.

Mimi nimeshika spana miaka thelathini na moja. Kilo hamsini na nane kwenye 250 haigongi. Haigongi! Hata ukiruka nayo kutoka juu ya paa la kanisa haigongi. Kipira kile hakina mdomo wala undugu na mtu, kikitoka mpaka mwisho maana yake kuna uzito umekaa juu yake. Tena si mfuko wa dawa. Labda dawa ya tembo.

Nimekaa na barua zako zote mbili nimeziweka magotini. Njia ya nyuma ya kilima, mbali na macho ya watu. Mzigo usiotajwa. Bugarama, na mpaka wa Burundi uko pale. Mpwa wangu, unabeba sukari ya magendo? Au mafuta ya petroli? Sema tu, sitamwambia mama yako. Lakini uache, maana ukikamatwa nani atampikia Joan? Baba yako marehemu alikuwa mtu wa haki mpaka anakera.

Na hapo hapo unaniandikia kidonda cha mzee kimetoneshwa njiani, halafu nesi anakufokea wewe. Kwa nini akufokee wewe? Anapelekwa na nani huyo mzee?

Upepo usizidishe hapo ulipofika. Nijibu. Bila jibu situmi hata nati moja.

Mjomba wako mwenye hasira,
Ndayisenga


Bugarama, 3 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Pasaka ilikuwa njema, tulipika wali na nyama ya mbuzi, mama aliimba kwaya na magoti yake. Barua yako niliisomea jikoni nikacheka mpaka moshi ukaniingia. Sukari ya magendo! Mimi! Kisha nikalia, maana ni kweli nilikuficha.

Ninayembeba ni baba mkwe.

Jumanne moja ya Januari nilimkuta amesimama uani, koti mwilini, fimbo mkononi, anataka kwenda zahanati kwa miguu. Alipiga hatua kama ishirini akakaa chini. Derick hayupo, bodaboda hapandi, Joan ni mtoto. Nilitoa baiskeli nikaisimamisha mbele yake, nikageuza uso. Nikadhani nimemkosea. Halafu nikasikia kiti cha nyuma kinalia. Kiti hicho alinifungia fundi Danstan wa hapa, kimeshikwa kwa bolti kwenye bomba la siti, kwa hiyo shokapu inatubeba wote wawili.

Desturi yetu unaijua. Jina lake silitamki. Tangu niolewe hatujakaa mkeka mmoja, hata sahani yake namtuma Joan ampelekee. Nitapandaje naye baiskeli moja, mikono yake kiunoni kwangu? Kwa hiyo anakaa amenipa mgongo. Anatazama tulikotoka, anashika vyuma vya kiti, katikati yetu nimefunga blanketi lililokunjwa. Mguu mbaya ameunyoosha juu ya ubao unaochomoza nyuma. Hatugusani.

Barabarani siwezi kupita. Yeye ni mwenyekiti wa jumuiya, amesuluhisha ndoa za watu nusu ya kijiji. Wakimwona amepakiwa na mkamwana wake watamcheka, na aibu itamfikia yeye kabla yangu. Hajaniambia tupite nyuma. Mimi ndiye niliyegeuza usukani siku ya kwanza, yeye hakuuliza.

Kwa kuwa hayaoni mawe yanayokuja, namwambia. Nasema "jiwe", naye anajishika. Ndilo neno pekee tunalosemezana njia nzima.

Sasa umejua. Kama utanigombeza, nigombeze, ila nisaidie kwanza.

Clarisse


Nyakahura, 11 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba tena. Nisamehe habari ya sukari. Mimi ni mzee mjinga mwenye spana.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya tatu nilimsomea Felisita, nikashindwa kufika mwisho, akaninyang'anya akaimalizia mwenyewe. Nimeona baiskeli zikibeba mikungu ya ndizi, mabati, nguruwe hai, hata jeneza. Iliyobeba mzigo kama wako sijaiona, tena inapandishwa kilima na mtu wa kilo hamsini na nane. Sikugombezi. Nakuheshimu, Clarisse. Na huyo mzee namheshimu pia. Mwanaume wa kwetu kukubali kukaa pale alihitaji moyo zaidi kuliko wa kupigana na chui.

Sasa kazi. Kosa ni langu na ni lako. Wewe umenificha mtu, na mimi hata ningejua mpo wawili ningekosea, maana ningepiga hesabu ya mtu anayekaa akitazama mbele. Nani hukaa kinyume kwenye baiskeli? Ninyi tu! Mtu akitazama nyuma, miguu yake na tumbo lake vyote vimevuka tairi, na wewe umemwongezea ubao. Shokapu inaona kama mmekaa watatu.

Ya upepo haifai kwa kazi hii. Ukiijaza sana inakuwa ngumu mwanzoni, jiwe dogo linapita moja kwa moja mpaka kwenye kidonda. Nakutumia ya springi. Springi ni mnyofu, hubeba sawasawa mwanzo hadi mwisho. Imeandikwa 650, ndiyo nguvu yake, ni nene kama kidole gumba changu. Nimeipata kwenye mtumba.

Fanya hivi. Kwanza mwambie Danstan akisogeze kiti mbele upana wa viganja viwili, hata kama mgongo wa mzee utakaribia wako. Blanketi lipo. Kisha mpandishe mzee na mguu wake ubaoni, upime mkiwa mmekaa wote wawili, si wewe peke yako. Mwombe akae tuli, najua hamsemezani, basi mtume Joan amwambie. Ikizama zaidi ya sentimita moja na nusu, kaza ile ringi ya springi mzunguko mmoja, isizidi miwili. Kifundo chekundu kipeleke kwa kobe hadi mwisho, halafu rudisha "ta, ta", mara mbili. Springi nene ikiachiwa kwa sungura itamrusha mzee wa watu shambani. Irudi polepole kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Wewe ukiwa peke yako itakutikisa, vumilia.

Upepo toa wote kwenye ile nyingine, ifunge kwa kitambaa, uitunze.

Ndayisenga


Bugarama, 16 Juni 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua ilibomoa daraja dogo, basi halikufika wiki tatu, kisha tukaingia kwenye kuvuna mahindi. Watu wote wazima.

Haigongi! Kama ungeiona, mjomba. Siku ya kwanza ilizama sentimita mbili, nikakaza mzunguko mmoja na nusu, ikafika moja na nusu kamili. Joan alishika rula kama fundi mkuu. Kule kwenye mwamba mrefu, tunapopaogopa, nilisema "jiwe" kama kawaida. Tairi likapanda, likashuka, na nyuma sikusikia kitu. Baada ya kitambo mzee akauliza, "Liko wapi?" Nikamwambia tumeshalipita. Miaka kumi na mbili tangu niolewe sijawahi kumsikia akicheka. Alicheka, mjomba. Mgongo wake ulitikisa blanketi.

Bandeji haijaloa damu tangu Aprili. Nesi Priscila anapima kwa karatasi yenye mistari. Kilikuwa kama mdomo wa kikombe, sasa ni kama punje ya harage.

Lakini na wewe umenificha. Malongo ameniambia anakuona kila siku ukitembea kwa miguu kutoka nyumbani kwako mpaka gulioni, kilomita saba. Nikamuuliza baiskeli yako iko wapi, ile nyekundu unayoifuta kwa shuka kila asubuhi? Akasema imening'inia bandani, haina shokapu. Kwenye mtumba, eti! Nilitaka kuifungua niirudishe siku hiyo hiyo. Nikaangalia kalenda nikaona imebaki miezi miwili na nusu, nikamrudishia jirani spana yake. Mungu akulipe, mimi sina cha kukulipa.

Kuna jambo moja. Tukiteremka kwa kasi, nyuma inachelewa kuinuka, mawe yakifuatana inazidi kuzama.

Clarisse


Nyakahura, 23 Juni 2024

Clarisse,

Marahaba. Malongo ana mdomo mrefu kuliko basi lake. Habari ya baiskeli yangu tusiiongee. Kutembea kumenifaa, hata mkanda umeingia tundu la pili, Felisita ameona.

Lakini umenifurahisha na hilo ulilogundua! Mafundi kumi hapa gulioni hawalijui. Kobe amezidi. Springi haipati nafasi ya kurudi kabla ya jiwe linalofuata. Rudisha "ta" moja tu kuelekea sungura. Moja, Clarisse, si mbili.

Mzee amecheka? Niandikie kila kitu kinachofuata.

Ndayisenga


Bugarama, 31 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Watu wote hawajambo, salamu nyingine zitafuata barua ijayo kwa sababu siwezi kungoja.

Jana Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho aliyotupa daktari. Tulitoka asubuhi, njiani sikusema hata "jiwe". Alijishika mwenyewe, mawe yote ameshayakariri. Daktari alifungua bandeji, akabonyeza, akabonyeza tena. Akamwita Priscila naye abonyeze. Kimefunga, mjomba. Ngozi mpya, nyororo kama ya mtoto. Daktari akasema mguu haukatwi, sasa anaruhusiwa kutembea, arudi baada ya mwezi kuangaliwa tu. Mzee akasema "nimesikia". Alipojaribu kuvaa kofia yake aliiangusha mara mbili.

Nje nikageuza baiskeli kuelekea nyuma ya kilima. Yeye hakuja. Alikuwa amesimama upande wa pili na fimbo yake.

"Tupite barabarani," akasema.

Nikamwambia, "Baba, leo ni gulio. Watu wamejaa."

"Najua."

Akapanda, akanipa mgongo kama siku zote. Nikakanyaga pedali. Tulipofika gulioni kelele zilizima kidogo kidogo, kuanzia kwa wauza viatu mpaka kwa wauza ndizi. Mimi nilitazama tairi la mbele tu. Yeye, kwa kuwa anatazama nyuma, kila tuliyempita aliuona uso wake. Nikasikia mtu akianza kucheka. Mzee akavua kofia, akasema kwa sauti ile anayosomea masomo kanisani: "Huyu ni mke wa mwanangu. Mguu huu mnaouona ni wake, mimi nimeachiwa nautumia. Anayetaka kucheka aje acheke hapa karibu."

Hakuna aliyekuja. Mama mmoja muuza dagaa alipiga kigelegele, wengine wakafuata, na mimi nililia huku nikiendesha, sioni barabara. Ni bahati tu haina mawe.

Nyumbani alishuka akaniita kwa jina langu, Clarisse. Hajawahi. Akauliza shokapu ni ya nani, nikamweleza yote, na matembezi yako. Leo asubuhi nimemkuta amekaa na spana uani, anaifungua mwenyewe, Joan anamshikia bolti. Nimeifunga tena ile ya upepo, nimejaza 120, imezama sawasawa.

Jumatano anapanda basi kukuletea ya kwako. Nimemwomba nimsindikize, amekataa. Malongo akasema atamshusha mlangoni pa banda lako kabisa, hilo nalo amelikataa. Anataka ashushwe nyumbani kwako, muende wote gulioni, zile kilomita saba, kwa miguu. Mwambie Felisita awafungie viazi vya njiani.

Mpwa wako,
Clarisse